Anayetembea Juu ya Chumvi

Jumatatu, 4 Machi. Asubuhi mawingu mepesi, upepo hakuna, joto limeanza mapema.

Mume wangu, Fundi,

Dereva wa lori la chumvi alinikabidhi bahasha yako jana mchana, mlangoni pa studio, mbele ya wateja waliokuja kupiga picha za pasipoti. Memori kadi ilikuwa salama ndani ya soksi. Soksi nimeifua.

Picha nimezitazama mara mbili. Weupe ule hauna mwisho! Sisi hapa tumekaa mwaka mzima tukipaka mbao rangi zifanane na sayari nyingine, kumbe sayari yenyewe iko huko kwenye mabwawa ya chumvi, na wewe unalipwa mshahara kuikanyaga. Dada yako aliachia kamera aliyokuwa anaifuta akasema, "Wifi, wachangiaji watalia." Nikamwambia wangoje kulia mpaka tumalize. Wale watu waliotuchangia pesa za filamu kidogo kidogo mtandaoni bila hata kutujua wameanza kuuliza. Mmoja ameandika: "Au mmeshahamia huko sayarini?"

Sasa ya kazi. Limebaki onyesho la 27, msafiri anapoenda peke yake kuelekea kwenye jiwe. Jua liwe mkono wako wa kulia, chini kabisa, kivuli kirefu, kama katika onyesho la 26. Likipanda hata kidogo, picha hizi mbili hazitashikana. Najua ukitoka kazini giza linakuwa limekaribia. Wahi. Buti za fedha zifutwe vumbi. Glavu yenye kiraka ni ya kushoto. Ndani ya helmeti paka sabuni kavu kisha uifute, isipate ukungu.

Ghala la magodoro bado tunalo mpaka mwisho wa Mei, na ile njia ndefu ya ndani ya chombo cha anga uliyoichomelea imesimama vilevile, haijalegea hata nati. Dada yako amebandika trei za mayai kwenye kuta zake na kuzipaka rangi ya kijivu. Ukiingia gizani unaweza kuapa uko angani.

Nyumbani kuko sawa. Upande wako wa kitanda nimeweka nguo zisizopigwa pasi, ili pasiwe patupu.

Wako,
Mkaguzi

Naongeza asubuhi kabla lori halijaondoka, maana unajua siwezi kuifunga siku bila mstari huu: jana nililala saa sita kasorobo.

*

Jumapili, nadhani tarehe 10 Machi

Mkaguzi wangu,

Hali ya hewa: jua. Kesho: jua. Umeridhika?

Hapa kambini jina langu limekufa. Naitwa Mtu wa Mwezini. Siku ya kwanza nilipotoka na lile vazi mpishi alidondosha sufuria. Sasa wamezoea, wananiuliza tu kama kule juu kuna mtandao, maana hapa hakuna.

Anayenibonyezea kamera ni jirani yangu wa kitanda. Tunamwita Kijiko, utaelewa ukimwona. Yeye anasema filamu hii haiwezekani, mtu hawezi kwenda nyota ya mbali akamwacha mke kwa miaka arobaini halafu mke amngoje. Nikamwambia, humjui mke wangu. Akasema, simjui, lakini nawajua wanaume, huyo msafiri angekuwa ameshaoa huko huko. Tulibishana mpaka taa zikazimwa.

Mkataba unaisha Mei. Nikirudi tunapiga lile onyesho la mwisho: msafiri anaingia kwenye njia ya chombo, anavua helmeti, anatembea mpaka kwa mkewe bila picha kukatwa. Nafanya mazoezi kila jioni kwenye tuta kati ya mabwawa mawili. Mwisho wa tuta kuna pipa. Pipa ndilo wewe. Samahani, lakini ndilo lililokuwepo.

Zile nguo zipige pasi. Upande ule ni wangu.

Fundi

*

Ijumaa, 12 Aprili. Asubuhi mvua ya rasharasha, ikakatika kabla sijafungua studio.

Mume wangu,

Mwezi mzima hujaandika neno. Leo imekuja memori kadi peke yake, bila barua, bila hata soksi.

Nimetazama onyesho la 27. Jua liko kulia, chini kabisa. Kivuli ni kirefu. Glavu ya kushoto ina kiraka, na helmeti haina ukungu. Buti la kushoto limepakwa rangi upya, sijui kwa nini, lakini kwa mbali halionekani. Kila nilichoagiza kipo. Aliyekosekana ni wewe.

Dada yako haoni tofauti. Ananiambia, "Wifi, mtu yuko ndani ya vazi kama gunia la mchele, wewe umemjuaje?" Nimemjua. Wewe unatanguliza bega la kulia kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba, na ukienda kidogo unavuta suruali juu hata kama haijashuka. Huyu anatembea wima, polepole, kama amebeba ndoo kichwani. Nimeirudia picha ile mpaka kompyuta ikapata moto.

Mtu mwingine yeyote duniani atadanganyika, kwa hiyo kwa upande wa filamu hakuna kilichoharibika. Nauliza kwa upande wangu. Nani huyu anayetembea juu ya chumvi? Na wewe uko wapi?

Mkeo

Jana nililala saa saba na robo.

*

Alhamisi, 18 Aprili

Mkaguzi,

Macho yako yamechoka kwa kuhariri. Ni mimi. Chumvi ya upande ule ni laini, mguu unazama, mwendo lazima ubadilike. Hata wewe ungetembea kama umebeba ndoo.

Kazi zimekuwa nyingi, ndiyo maana siandiki. Endelea na uhariri. Wasalimie wote.

Fundi

*

Jumatatu, 29 Aprili. Asubuhi ukungu, sikuona hata nyumba ya pili.

Baba,

Katika ndoa yetu yote hujawahi kuniandikia "wasalimie wote". Wote ni akina nani? Hapa ni mimi na dada yako tu.

Nilimuuliza dereva. Alicheka, akasema, "Fundi hayuko tena kwenye mitambo, mama. Amehamia ng'ambo ya mabwawa, kwenye nyumba nyeupe. Kuna bibi mmoja anamhudumia mpaka anamletea chai kitandani. Yule sasa ni mfalme." Nilimshukuru. Nikaingia studio nikampiga picha mtoto wa watu bila kuondoa kifuniko cha lenzi.

Nimefikiri kwa siku nne kabla ya kushika kalamu. Kama umechoka na filamu, niandikie. Nitawaambia wachangiaji ukweli na nitamtafuta mtu mwingine wa onyesho la mwisho. Kama umechoka na mimi, niandikie hilo pia, kwa maneno machache unayoyapenda siku hizi. Lakini usiniambie kwamba mtu nisiyemjua ni wewe. Nimekufuata kwa nyuma sokoni miaka kumi na moja. Mgongo wako naujua kuliko uso wangu.

Nguo nilizipiga pasi tangu Machi. Upande wako uko wazi.

Mkeo

Jana nililala saa nane na nusu.

*

Jumapili, 5 Mei

Mke wangu,

Nyumba nyeupe ni zahanati ya kambi. Bibi anayeniletea chai ni muuguzi, ana wajukuu sita na ananifokea kuliko wewe. Nilimwonya yule dereva asikuambie kitu. Nadhani alifikiri ameficha.

Ni mguu wa kushoto. Ilikuwa katikati ya Machi. Siku ile nilikuwa nachomelea fremu ya mkanda unaobeba chumvi, na jua lilikuwa linashuka. Asubuhi nilijiambia, nikimaliza kazi nikimbilie moja kwa moja kwenye onyesho la 27, nisipoteze muda kubadilisha viatu. Kwa hiyo nilikwenda kazini nimevaa buti za msafiri. Unazijua, umezikata mwenyewe: sponji na rangi ya fedha. Fremu iliteleza ikaniangukia. Ningekuwa na buti zangu zenye chuma ningesema "lo" na kuendelea.

Ndiyo maana sikukuandikia. Nilijua utasoma habari hii na kuona lile agizo lako la jua mkono wa kulia. Usilione. Aliyevaa sponji ni mimi, mtu mzima, fundi mwenye miaka ishirini kazini. Kijiko alishona buti, akalipaka rangi, akaenda kutembea badala yangu, mpishi akabonyeza kamera. Mimi nililala dirishani nikimtazama kwa mbali na kumfokea kimoyomoyo kwamba hatembei vizuri.

Mifupa imeunga, ila imeunga vibaya. Nitachechemea. Nilimuuliza daktari mpaka lini, akaenda kunitafutia mkongojo.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo kubwa. Wewe kikombe kikihama upande wa pili wa meza kati ya picha na picha unasimamisha kazi. Nimekuona ukimrudisha mtu nyumbani akabadilishe kifungo. Jicho hilo nalipenda. Lakini sitaki linitazame nikiingia mlangoni. Aliyeondoka na anayerudi hawafanani, na wewe ndiwe mtu wa mwisho duniani ambaye hataona.

Kampuni imenipa kazi ya kukaa, ya kutunza stoo ya vifaa. Nafikiria kuongeza mkataba.

Fundi

*

Jumatano, 8 Mei. Asubuhi jua kali, anga haina doa.

Mume wangu,

Jana nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Dada yako alikuja akaichukua mkononi mwangu, akasoma, akaenda kulia ghalani, ndani ya njia ya chombo. Trei za mayai zinazuia sauti vizuri. Sikusikia kitu mpaka alipotoka.

Nilikuwa nimeshakuoza kwa muuguzi mwenye wajukuu sita. Nisamehe.

Lile agizo la jua nimeliona, hata kama umesema nisilione. Siwezi kuahidi nisichokiweza. Lakini sikiliza, kuhusu onyesho la mwisho hakuna kilichoharibika kabisa. Msafiri amekaa huko miaka arobaini. Nani alisema atarudi akitembea kama kijana? Akichechemea ndiyo itakuwa kweli zaidi. Nimeshaandika upya ukurasa ule. Kamera inakaa chini, karibu na sakafu, tunaona miguu kwanza, ule wa kushoto ukiburuzwa, na mke anausikia kabla hajageuka. Nimemsomea dada yako akasisimka mwili mzima. Itakuwa picha bora kuliko zote tulizopiga.

Usiongeze mkataba. Njoo kabla ghala halijachukuliwa.

Mkaguzi wako

Jana nililala saa tano. Mara ya kwanza mapema tangu Machi.

*

Jumapili, 12 Mei

Unaona? Hata wiki haijaisha tangu ujue, na tayari mguu wangu umeshautafutia pa kuweka kamera.

Ninapojifunza kwenda chooni nashika ukuta. Hiyo si picha bora. Sitaki wachangiaji wasisimke.

Kesho wanataka jibu kuhusu ile kazi ya stoo. Nimewaomba wiki mbili.

Fundi

*

Jumamosi, 18 Mei. Asubuhi mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Mume wangu,

Ulichosema ni kweli. Niliusoma mguu wako kama ukurasa wa filamu, na nilifurahi. Furaha ile ndiyo iliyonilaza saa tano. Sina la kujitetea.

Nakueleza nilichofanya, kwa mpangilio, kwa sababu nikieleza ovyo ovyo nitaanza kulia.

Jumatano nilichana ukurasa ule. Alhamisi mimi na dada yako tulipiga onyesho la mwisho jipya. Njia ya chombo iko tupu. Taa zinawaka moja baada ya moja, kuanzia mlango wa mbali mpaka alipo mke. Zinawaka zote. Hakuna anayetokea. Filamu inaishia hapo. Dada yako alizima kamera akaniambia, "Wifi, watu watataka warudishiwe michango yao! Watakaa muda wote huo halafu jamaa asirudi?" Nikamwambia atarudi, ila si kwenye filamu.

Ijumaa niliwaandikia wachangiaji kwamba mwisho umebadilika na kwamba sababu ni ya nyumbani. Mwalimu mmoja mstaafu alijibu, "Poleni, tunangoja." Yule mtani wa kila siku aliuliza kama sayarini kuna nyumbani.

Leo tumeibomoa njia ya chombo. Mbao, mabomba, milango ya mashine za kufulia tuliyoifanya madirisha, vyote vimetoka. Ufunguo wa ghala nimeshamrudishia mwenyewe. Nilitaka uwe na hakika. Ukirudi hakuna mahali popote ambapo mtu anakungoja na kamera. Hakuna njia ya kutembea mpaka kwangu ila ile ya uani, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji, na unaijua.

Ulisema aliyeondoka na anayerudi hawafanani. Mimi pia, Fundi. Tangu uondoke Februari sijatazama kioo vizuri. Na kuhusu kikombe, ni kweli kikihama nasimamisha kazi. Lakini hakuna kikombe kilichowahi kuninyima usingizi.

Sijui utawajibu nini kuhusu stoo. Nakuomba uje. Nilikuwa nikikuandikia buti, glavu na jua, barua baada ya barua, na maana yake ilikuwa hii hii tu.

Mkeo

Jana nililala saa saba kasoro dakika kumi.

*

Alhamisi, 23 Mei

Mke wangu,

Stoo nimewaambia wampe Kijiko. Ameshaanza kujiita meneja.

Nakuja na lori la Jumanne asubuhi. Nina mkongojo na mfuko mmoja. Vazi la msafiri limebaki, mpishi amelitaka la kutishia ndege.

Ombi langu ni moja. Dereva atanishusha barabarani, na pale mpaka mlangoni ni mbali kwangu sasa. Usije kunipokea. Na usinitazame nikija. Niache nifike kwanza.

Fundi

*

Jumatatu, 27 Mei. Asubuhi kavu, upepo mwepesi kutoka upande wa barabara.

Mume wangu,

Barua hii haina wa kuipeleka. Lori ambalo lingeipeleka ndilo linalokuleta. Naiandika kwa sababu leo siwezi kukaa na mikono mitupu.

Studio nimefunga saa nane mchana. Nimefagia uani mara mbili, kisha nikakumbuka kokoto karibu na tangi, nikaziokota moja moja ili mkongojo wako usiteleze. Baadaye nikaogopa utaona kwamba nimeziokota. Nikarudisha chache, pembeni, mahali usipopita.

Dada yako alitaka kuja na kamera ndogo mfukoni, "ya kumbukumbu tu, wifi, hata hataiona." Nimemwambia akija nayo kesho atakuwa wifi wa mtu mwingine. Amenuna, ameahidi kuja mchana, mikono mitupu.

Sasa kuhusu ombi lako. Nimelifikiria jinsi ninavyofikiria kila kitu, unanijua. Nikikaa ndani nitachungulia dirishani, hilo liko wazi. Nikienda kwa jirani nitarudi mbio. Kwa hiyo nitafanya hivi: nitatoa kiti cha jikoni, nitakiweka mlangoni, na nitakaa nikiwa nimeelekea ndani, mgongo uani. Nitakaa hivyo tangu asubuhi. Njoo kwa kasi yako. Simama kwenye kamba ya nguo ukitaka, shika tangi, pumzika. Sitageuka mpaka uweke mkono begani kwangu, hata kama itachukua mchana kutwa.

Ila masikio sina pa kuyaelekeza. Nitausikia mwendo wako kuanzia barabarani. Mara ya kwanza nitakuwa siujui. Utakapofika kwenye tangi nadhani nitakuwa nimeshaujua.

Mkeo

Naongeza Jumanne alfajiri, mawingu mepesi, kiti kimeshatoka: jana nililala saa tisa na dakika ishirini.